Chapati Anajikuna



Wengi wenu mnamfahamu Chapati, mbwa wetu, kwa sababu Jumamosi huja na mume wangu kutuchukua baada ya masomo, na watoto humzunguka pale maegeshoni. Wakati fulani mlimwona akiwa na koni ya plastiki shingoni, miguu myekundu, na harufu ambayo nadhani hata waliosimama mbali waliipata. Tangu apate nafuu nimeulizwa na wazazi watano au sita tulifanya nini. Naandika hapa ili nisirudie hadithi nzima kila juma huku injini ya gari inanguruma.

Tulimchukua Chapati mwaka 2021 kutoka kituo cha wanyama cha kaunti kilichoko Derwood. Ulikuwa mwaka ule wa nyenje, waliotoka ardhini kwa wingi usiohesabika baada ya kukaa chini miaka 17, na kazi yake ya kwanza kwetu Silver Spring ilikuwa kuwala hao nyenje mpaka akatapika kwenye zulia. Ana damu ya Labrador na ya mbwa wengine ambao hakuna anayewajua. Rangi yake ni ya chapati iliyoungua kidogo upande mmoja. Jina alipewa na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba na hakutaka kusikia majina ya Simba wala Tomi.

Mwaka wa kwanza hakuwa na shida yoyote. Mwezi wa tano mwaka 2022 akaanza kujilamba miguu. Mwanzoni tuliona ni usafi tu, kama paka. Kisha akaanza kujitafuna katikati ya vidole, kujikuna makwapani, kutikisa masikio usiku kucha mpaka kengele ya shingoni ikawa saa yetu ya ukutani. Wale mliosoma shule za nyumbani mnaujua upupu, na mnamjua yule mtoto mtundu aliyeuleta darasani ndani ya karatasi. Basi Chapati alikuwa kama mtu aliyemwagiwa upupu, tofauti ni kwamba yeye hakuweza kukimbilia mtoni wala kumshtaki mtu kwa mwalimu.

Kiswahili kinasema ngozi inawasha, kwa neno lile lile la kuwasha moto na kuwasha taa. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Nililielewa vizuri nilipomgusa tumboni na kukuta pana joto kama birika.

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilitupa vidonge vya steroidi na antibiotiki. Siku mbili tu, akanyamaza. Tulishangilia. Baada ya wiki mbili vidonge vikaisha, na wiki ya tatu akaanza upya. Tukarudi, tukapewa vile vile. Tukarudi tena. Nisiwe mwonevu: dawa yenyewe si mbaya, ni ya miaka mingi na inafanya kazi, na mbwa aliyejichubua mpaka damu anahitaji kitu cha kumtuliza leo, si mwezi ujao. Lakini kila alipoimeza alikunywa maji ndoo nzima, akakojoa sebuleni, akahema, akaiba mkate mezani kwa njaa. Hakuna aliyetuambia kwa nini anawashwa. Mwezi wa kumi na moja baridi ilipoingia, akaacha kujikuna mwenyewe. Mwaka 2023 ikawa hivyo hivyo, mwanzo hadi mwisho, na bili juu yake.

Mwanzoni mwa 2024 mambo yakawa magumu kwa sababu nyingine. Mama yangu alikuwa amepata viza ya kuja kukaa nasi miezi sita, akitokea Tanga.

Wengine mtacheka, wengine mtaelewa bila kuelezwa. Kwa Waislamu wa pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi. Nguo au chombo kikiguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa ana mahali pake, naye ni nje, akilinda nyumba au mifugo. Mama ana miaka zaidi ya sabini na anaswali vipindi vyote vitano. Sasa umlete kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambamo kuna mbwa anayejilamba toka asubuhi mpaka usiku, ananuka, na kila anapopita anaacha alama ya mate kwenye zulia. Mume wangu, ambaye kwao Moshi mbwa walilala zizini na hakuna aliyewapeleka hospitali, alisema kwa upole kwamba labda wakati umefika wa kumtafutia Chapati familia nyingine. Binti yangu aliacha kula chakula cha usiku. Hakulia wala kubishana. Alikaa tu na sahani yake. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikujua niko upande gani.

Tulimweleza Mama kwa simu, maana si haki mtu afike na kukuta jambo kama hilo mlangoni. Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Anaumwa?" Nikamwambia anaumwa. Akasema, "Mgonjwa hafukuzwi. Mimi nipeni chumba cha juu, na yeye asipande ngazi."

Alifika mwishoni mwa mwezi wa nne, baada ya Idi. Tukaweka kizuizi kwenye ngazi, kile cha kuzuia watoto wachanga. Mswala wake na kanga zake zikakaa juu. Chini alikuwa na kiti chake kimoja cha plastiki karibu na dirisha, tulichokifuta kila siku, na Chapati alifundishwa kulala upande wa pili wa sebule. Nilitarajia vita. Badala yake wakawa wanatazamana. Mchana sisi wote tuko kazini na shuleni, na nyumba za huku, mnajua, hazina jirani anayepiga hodi kuomba chumvi. Mama alikuwa na dirisha, redio ya kwenye simu, na mbwa.

Wiki ya pili binti yangu alirudi na kazi ya nyumbani kutoka shule yetu hii: kuleta vitenzi kumi vyenye kiambishi -ji- cha kujitendea. Akamwendea bibi yake. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Akaeleza anachotaka. Mama akamwonyesha kidole upande wa pili wa sebule. "Kaa hapa umtazame huyo. Vyote anavyo."

Wakakaa. Anajikuna. Anajilamba. Anajitafuna. Anajisugua kwenye kochi. Anajikwaruza sikio. Anajikung'uta. Anajigaragaza. Anajinyoosha. Anajilaza. Anajificha nyuma ya pazia anapoitwa kuogeshwa. Kumi bila kutoka nje ya chumba. (Mtoto aliongeza cha kumi na moja, kujibu, na mwalimu akakikata kwa kalamu nyekundu, -ji- ile ni ya mzizi wenyewe, si ya kujitendea.)

Kazi iliisha, lakini Mama hakuacha. Alilipenda lile daftari. Akaendelea kuandika kila siku, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani: tarehe, hali ya hewa, mbwa katoka saa ngapi, kapita wapi, karudi kafanya nini, mara ngapi. "Jumatano. Jua. Ametoka majanini. Kujilamba miguu mara kumi na nne. Kujisugua uso mara sita." "Ijumaa. Mvua tangu alfajiri. Kujilamba mara mbili." Siku kampuni ya bustani ilipokuja kukata majani ya jirani, aliandika mistari saba.

Mwezi wa sita tulikwenda kwa daktari mwingine wa wanyama, upande wa Wheaton. Daktari huyu hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Anaanza kujikuna mwezi gani? Anaacha lini? Sehemu gani ya mwili? Anajikuna, anajilamba, anajitafuna au anajisugua? Nilikuwa natafuta jibu kichwani, na binti yangu, miaka kumi, akafungua mkoba na kutoa daftari la bibi yake. Akasoma mstari mmoja mmoja, akitafsiri papo hapo. Alipofika kwenye "kujikwaruza" alisita, kisha akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe sikioni. Daktari aliacha kuandika kwenye kompyuta, akamsikiliza mpaka mwisho, akaomba apige picha kurasa zile.

Nimesikia mara nyingi watoto wetu wakiuliza Kiswahili kitawasaidia nini Marekani. Sina la kuongeza hapo.

Sasa nieleze alichotueleza, maana hili ndilo mnaloniuliza. Mbwa anayewashwa mara kwa mara huwa na mojawapo ya mambo machache, au mawili kwa pamoja, na kazi ni kuyaondoa moja moja.

La kwanza ni viroboto. Mbwa wengi wana mzio, au aleji kama tunavyosema, wa mate ya kiroboto, na mwenye mzio huo hahitaji viroboto mia; kuumwa mara moja au mbili kunamtosha kujikuna siku nyingi. Kwa kawaida hujitafuna mgongoni karibu na mkia. Kipimo chake hata mtoto anaweza kukifanya: mchane mbwa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kung'uta vumbi jeusi linalotoka juu ya karatasi nyeupe iliyoloa maji. Likibaki jeusi ni uchafu. Likigeuka wekundu wa kutu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyosagwa. Wanangu walikifurahia kipimo hiki kuliko zawadi yoyote ya Idi. Kwa Chapati karatasi ilibaki nyeusi. Ukiwakuta, jua kwamba unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu. Mayai na mabuu wako kwenye zulia na matandiko, na wale waliojifunga kwenye vifuko vyao wanaweza kungoja wiki nyingi kabla ya kutoka. Ndiyo maana dawa hutolewa kwa miezi mfululizo, kwa wanyama wote wa nyumba, na zulia hufyonzwa vumbi kila mara.

La pili ni chakula. Hapa kuna biashara kubwa mjini, mifuko ya chakula cha mbwa yenye bei kama ya kitimoto cha harusi, samahani kwa wasiokula. Mzio wa chakula upo kweli, mara nyingi ni wa nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano, lakini njia ya kuaminika ya kuujua ni kumpa mbwa chakula cha aina moja asichowahi kula kwa muda wa wiki nane au zaidi, bila hata kipande cha mshikaki kutoka kwa mgeni. Daktari akaangalia daftari na kumbukumbu zetu akasema: chakula anakula mwaka mzima, mbona Januari hajikuni? Hapo tukaokoa wiki nane.

La tatu ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, utitiri wa ukurutu. Alikwangua ngozi kidogo, akaangalia kwenye hadubini, hakuwakuta.

Likabaki la nne, ambalo daftari lilikuwa likilisema tangu mwanzo: mzio wa vitu vya hewani na majanini. Huanza mbwa akiwa kijana, mara nyingi kati ya miezi sita na miaka mitatu, na hushika miguu, makwapa, tumbo, uso na masikio. Binadamu akivuta chavua hupiga chafya. Mbwa huwashwa ngozi. Na sisi tunaishi mahali pa chavua. Mwezi wa nne na wa tano mialoni hufunika magari kwa unga wa kijani na njano. Kisha majani yanachukua zamu. Kisha mwezi wa nane mpaka jalidi ya kwanza kuna gugu la ragweed. Ukiweka kalenda hiyo kando ya kalenda ya Chapati, ni moja.

Ile harufu nayo ilikuwa na maelezo yake. Ngozi iliyovimba na kuloa mate inaota fangasi wa jamii ya hamira na bakteria. Wanakuwepo kidogo kidogo kwa kila mbwa, ila hapo wanapata shamba. Daktari alibandika kipande cha utepe wa gundi katikati ya vidole, akakitazama kwa hadubini, akamwita binti yangu naye atazame. Aliniambia wanafanana na alama za nyayo za viatu. Kama hao hawatibiwi, muwasho haushuki hata utoe dawa gani ya mzio.

Basi tiba ikawa hivi. Kuogeshwa mara mbili kwa wiki kwa shampuu yenye klorheksidini, na povu likae mwilini dakika kumi kabla ya kusuuza. Dakika kumi na mbwa aliyeloa ni muda mrefu sana. Mama, akiwa mlangoni pa bafu kwa mbali, ndiye aliyeshika saa na kutusimulia hadithi mpaka zitimie. Masikio yakasafishwa kwa dawa yake. Miguu ikawa inafutwa kwa kitambaa chenye maji kila anaporudi kutoka Sligo Creek, na matembezi yakahamia kwenye lami badala ya majani. Na sindano.

Sindano hii inastahili aya yake. Mwili wa mbwa mwenye mzio hutoa kitu kidogo kiitwacho interleukin-31, ambacho kazi yake ni kwenda kwenye mishipa ya fahamu na kusema: washa. Sindano ina kingamwili, lokivetmab, inayomkamata mjumbe huyo njiani kabla hajafika. Jina la dukani ni Cytopoint, na ilipata leseni mwaka 2016 kutoka Wizara ya Kilimo ya Marekani, wale wenye jengo kubwa kwenye Independence Avenue. Hudumu kati ya wiki nne na nane. Kuna pia kidonge, Apoquel, kilichoidhinishwa mwaka 2013 na FDA, ambao makao yao yako hapa hapa White Oak, mnapita kila siku kwenye New Hampshire Avenue. Kidonge hicho hakipewi mbwa aliye chini ya miezi 12 wala mwenye maambukizi makali, na kwa kuwa Chapati alikuwa na maambukizi, tukachagua sindano.

Usiku wa pili kengele ya shingoni haikulia. Niliamka saa nane kwa sababu ya ukimya. Nikashuka chini nikidhani kuna baya, nikamkuta amelala chali, miguu juu, anakoroma.

Dawa za kwetu? Mama alitaka mwarobaini, na majani yake tukayapata kwenye maduka ya Wahindi Langley Park. Daktari aliomba tusimpake, kwa kuwa mbwa hulamba kila anachopakwa na kipimo hakijulikani. Mama alikubali bila kinyongo, akayachemsha akayatumia mwenyewe kwa miguu yake. Mafuta ya nazi tulijaribu. Chapati aliyalamba yote kabla hatujafunga chupa, akatutazama kuomba mengine. Maji ya oti iliyosagwa, ya vuguvugu, yalimtuliza kweli kwa saa chache na hayana madhara. Ile ya oili chafu ya gari, ambayo nimeiona kwa macho yangu ikipakwa mbwa wenye ukurutu huko nyumbani, tafadhali mtu asijaribu kamwe. Inaunguza ngozi na inatia sumu. Vivyo hivyo mafuta ya tea tree na krimu za watoto zenye zinki, zote ni sumu mbwa akizilamba. Na kama nyumbani mna paka, soma chupa ya dawa ya viroboto ya mbwa: ikiwa na permethrin, inaweza kumuua paka. Vidonge vipya vya viroboto na kupe ni vizuri, ila mweleze daktari kama mbwa wako amewahi kupata kifafa, kwani mwaka 2018 FDA walitoa tahadhari juu ya kundi hilo la dawa.

Gharama siwezi kuficha. Sindano moja kwetu ni zaidi ya dola mia, na kwa msimu mmoja anahitaji nne au tano. Hata hivyo tulipojumlisha safari za kliniki ya kwanza kwa miaka miwili, ilikuwa zaidi. Kuna tiba nyingine, ya kumchanja mbwa kidogo kidogo vile vitu vinavyomdhuru mpaka mwili uvizoee. Huchukua hadi mwaka kuonyesha matokeo na haiwafai wote. Tunaifikiria.

Mama aliondoka mwezi wa kumi. Katika miezi sita hakumgusa Chapati hata mara moja, na Chapati hakupanda ngazi hata mara moja. Lakini jioni moja niliwakuta watoto wamekaa chini, mbwa upande wake, na yeye kwenye kiti chake akiwasimulia habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Siku ya safari alimwambia kwa mbali, "Haya bwana, punguza kujikuna." Sasa akipiga simu huuliza hali ya watoto, ya baba yao, ya kazi yangu, na kisha, "Na yule mgonjwa wangu?"

Daftari liliachwa kwetu na binti yangu ndiye anaandika. Wiki hii unga wa mialoni umeanza kuonekana kwenye vioo vya magari, na sindano ya kwanza ya msimu Chapati alichomwa Jumanne. Ukurasa wa jana unasema: kujilamba miguu mara tatu, kujikuna mara moja, kujigaragaza mara moja, ila huko kujigaragaza ni kwa sababu aliona samaki aliyekufa kando ya Sligo Creek.